Mpaka wa Fagio katika Bustani za Kyela

Mgeni ashukaye kutoka Tukuyu kwenda Kyela mwezi wa Novemba, wakati joto la bondeni limekwisha kukomaa na mvua za kwanza zimeanza kulaza vumbi, hulakiwa na maua yasiyohitaji kutafutwa: mikrismasi imewaka nyekundu kando ya njia, mabogenvilia yameegemea kuta, na mbele ya baraza pana waridi la mama mwenye nyumba ambalo hakuna mtoto athubutuye kulichuma. Hayo ni maua ya kuburudisha macho. Ua linalolipa ada ya shule liko nyuma ya nyumba, halizidi upana wa ukucha, limeota juu ya gome la shina la mkakao, wala halina harufu ya kumvuta mpita njia. Na uchambuzi huu unahusu namna ua hilo linavyogeuka kuwa tunda, kazi ambayo kwa rai yangu nusu yake hufanywa na mdudu, na nusu na yule anayeshika fagio asubuhi.

Tuliangalie kwa karibu. Tumba huanza kupasuka alasiri, huendelea kufunguka usiku, na jua linapochomoza ua liko wazi, jeupe lenye michirizi ya zambarau. Kwa ajabu ya maumbile, chavua yake haikuwekwa mahali pepesi: kila petali imejikunja ikafanya kikofia, na ndani ya kikofia ndimo ilimositiriwa. Fauka ya hayo, sehemu ya kike iliyo katikati imezungukwa na nyuzi tano tasa zilizosimama mfano wa boma. Upepo hauwezi kuichukua chavua hiyo kwa kuwa inanata, na nyuki ni mkubwa mno kupenya. Awezaye ni usubi, mdudu wa milimita 1 hadi 3, ambaye wataalamu humtia katika jenasi ya Forcipomyia. Naye hana muhula mrefu, kwani ua lisilochavushwa hudondoka siku ya pili. Tena miti mingi ya kakao huikataa chavua yake yenyewe ikataka ya mti mwingine, hata ikamlazimu usubi kutoka mti hadi mti, na pengine kutoka shamba la huyu hadi la jirani yake, kabla saa za ua hazijaisha. Si ajabu basi kwamba katika maua 100 aghalabu hayapati kuwa matunda hata 5, na miongoni mwa hayo machanga mengi hunyauka yakawa meusi mtini, kwa kuwa mti hauwezi kuyalisha yote.

Ghana imewahi kuajiri vijana kwa maelfu waifanye kazi ya usubi kwa mkono, ua baada ya ua, kwa koleo ndogo. Ni juhudi ya kusifiwa, lakini ni ghali, na mwenye migomba ana njia nyingine. Usubi ninayemtaja si yule wa ziwani anayepanda kama moshi juu ya maji ya Nyasa. Huyu wa kakao huzaliwa katika uozo wenye unyevu: majani yaliyolala tabaka juu ya tabaka, maganda ya kakao, na zaidi ya vyote vigogo vya migomba vilivyokatwa. Allen M. Young, mtaalamu wa wadudu aliyefanya utafiti Costa Rica, alivitandaza vipande vya migomba chini ya mikakao kwa makusudi, akaona usubi wakizaliana humo. Kyela jambo hilo halikungoja utafiti. Mgomba huzaa mkungu mmoja ukakatwa. Ndizi zikaingia jikoni kupikwa mbalaga, na kigogo kikabaki pale kilipoanguka, katikati ya mikakao.

Hapa ndipo penye mashaka, kwa maana Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela, ni watu wa fagio. Msafiri Joseph Thomson, aliyepita kaskazini mwa ziwa mwaka 1879, aliustaajabia usafi wa vijiji vyao, na hata leo uwanja usiofagiliwa huihesabia aila nzima aibu mbele ya wageni. Lau usafi huo ungevuka uwanja ukaingia chini ya mikakao, usubi angekosa pa kuzaliwa na maua yangedondoka bure. Lakini hauvuki. Nilipata kuona, katika uwanja mmoja upande wa Ipinda, mistari ya ufagio wa njiti ikienda sambamba toka mlangoni hadi kwenye shina la mgomba wa tatu, ikakoma ghafula. Hatua moja mbele mguu ulizama katika majani hadi kifundoni. Mjukuu aliyetaka kuendelea alizuiwa na bibi: “Basi hapo, mwanangu. Huko waachie wenyewe.” Sikumwuliza wenyewe ni kina nani.

Bibi huyo huyo hamruhusu mtoto kuparamia mkakao, na sababu yake ni ya kitaalamu kabisa: maua hutoka mwaka baada ya mwaka katika vinundu vile vile vya gome, na kinundu kikichubuliwa kwa kisigino kimekwisha. Ndiyo maana tunda halichumwi kwa kulinyonga. Hukatwa kwa kisu kikali na kibakizo cha kikonyo kikaachwa.

Siku ya kupasua matunda huwa ni ya ahali na masahibu. Monica Wilson, ambaye pamoja na mumewe Godfrey aliishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alikiita kitabu chake cha mwaka 1951 “Good Company”, akieleza jinsi watu wa hirimu moja walivyojenga kijiji pamoja na kuthamini kula na kuzungumza pamoja. Vijiji vya hirimu vimepita, mazungumzo yamebaki, na lundo la maganda hukua kadiri hadithi zinavyonoga. Juu ya lundo hilo sina budi kuwa mkali kidogo: maganda ni mazalio mazuri ya usubi, lakini yakitoka kwenye matunda yaliyooza kwa ugonjwa wa madoa meusi hueneza vimelea mtini. Ya matunda mazima na yatawanywe shambani. Yenye madoa yazikwe mbali.

Lililobaki ni hesabu ya wakati. Toka yai hadi kuruka, usubi huchukua takriban wiki 4, hivyo vigogo vinavyolazwa Oktoba ndivyo vitakavyoyahudumia maua ya Novemba. Tunda nalo hutaka miezi 5 hadi 6, ikimaanisha kwamba ua la Novemba huiva Aprili au Mei, katikati ya mvua kubwa za Kyela, ambapo punje zilizovundikwa karibu siku 6 chini ya majani ya mgomba zinahitaji jua lisilopatikana kwa urahisi. Na mtu mmoja wa nyumbani hukaa karibu na kichanja, tayari kuzifunika kabla tone la kwanza halijafika.