Whitney Houston: Tulimzomea Bila Kumsikiliza

Leo naungama. Miaka mingi nilikuwa upande wa wale wanaosema Whitney Houston alijaliwa koo tu, roho hana. Nilisema hivyo vijiweni kwa kujiamini kabisa. Kumbe kusikiliza nilikuwa sijasikiliza.

Dada huyu alizaliwa mwaka 1963, Newark, Marekani. Mama yake, Cissy, aliyewahi kumwitikia Aretha Franklin, ndiye aliyemfunda kuimba, tena kwenye kwaya ya kanisa lao la New Hope Baptist. Albamu ya kwanza ikatoka 1985, akavuma dunia nzima. Lakini 1989, kwenye tuzo za Soul Train, Weusi wenzake baadhi wakamzomea: eti amejiuza kwa Wazungu.

Tuseme kweli, wazomeaji walikuwa na kahoja. Katika albamu ya 1987 vinanda vya umeme vimejaa mno, sauti imepakwa poda mpaka sura haionekani. Kosa letu lilikuwa kudhani chini ya poda hamna mtu.

Sasa chukua ule wimbo maarufu wa filamu ya The Bodyguard, ya 1992. Umetungwa na Dolly Parton, mwimbaji wa country. Whitney anauanza peke yake, hakuna ala hata moja. Anakwenda taratibu, anavuta pumzi, anatungojesha. Karibu na mwisho kila kitu kinanyamaza, ngoma inapiga mara moja, ndipo anapaa. Jamani, hiyo subira si ya studio! Ni ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya waumini akijua lini waitikie.

Na uigizaji je? Katika filamu hiyo, akiongea namwona mkavu kidogo; akiimba ndipo anapoigiza. The Preacher's Wife ya 1996 ikampa nafasi yake: mke wa mchungaji, mwimbaji wa kwaya, nyuma yake Georgia Mass Choir. Pale uso unalegea, mwili unazungumza. Wengi waliandika kwamba amerudi nyumbani. Arudi kutoka wapi? Alipofariki 2012, akiwa na miaka 48, aliagwa katika kanisa lile lile la utotoni.

Kwa nini nayaleta haya kwetu sisi tunaojifunza kuandika? Kwa sababu hadithi yangu ya kwanza ilikuwa na bibi anayesema kwa mafumbo ya kijijini. Nikamfuta, nikaweka kijana wa mjini mwenye maneno makubwa, nionekane wa kisasa. Hadithi ikapiga kelele tangu sentensi ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuna aliyeikumbuka, hata mimi.

Juzi nimeitoa tena kabatini. Bibi nimemrudisha, na safari hii namwacha anyamaze kidogo kabla hajasema.