Uhai wa Kuazima na Nguvu ya Neno

Kanuni za mchezo ni maandishi, na kila andishi hubeba rai ya mwandishi wake juu ya binadamu. Jambo hilo linadhihirika katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson uliochapishwa Marekani mwaka 1974. Wachezaji huketi pamoja, kila mmoja akamvaa mhusika wake. Msimulizi hueleza yanayotokea, na dadu huamua yenye shaka. Uhai wa mhusika huhesabiwa kwa alama: jeraha huzipunguza, tiba huzirejesha. Suala gumu kwa mtunzi wa kanuni ni nafuu isiyodumu, ile apewayo mtu kwa muda wa pambano kisha ikamtoka. Itolewe vipi hata iwe na maana?

Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilijibu kwa deni. Mpiganaji wa nyikani akipandwa na ghadhabu, mwili wake huzidi ustahimilivu, naye hupata alama 2 za uhai kwa kila daraja alilofikia. Aliye katika daraja la 10 hupata 20. Ghadhabu ikishuka, alama hizo 20 huondoka, awe anazo au hanazo. Aliyebakiwa na 15 huanguka akazirai. Aliyebakiwa na 8 hufa papo hapo, kwani katika toleo hilo mauti yalifika kwenye 10 chini ya sifuri. Ndiko kukopa harusi, kulipa matanga. Hesabu ni kavu, lakini tamthilia imo: mpiganaji huomba vita virefuke, ilhali vita hivyo ndivyo vinavyomla.

Toleo la nne, la mwaka 2008, lilimleta amiri ambaye ulimi wake ni sawa na silaha. Neno lake la hamasa humwezesha mwenzake kutumia fungu moja la akiba yake ya uponyaji, yaani robo ya uhai wake kamili, na hata aliyezirai huweza kusimama. Wapo waliobeza wakisema kelele haifungi jeraha. Lakini msomaji wa mashairi atatambua busara iliyomo: neno halimpi mtu kitu kigeni, bali humfungulia ghala lake mwenyewe, na ghala hilo lina kikomo.

Toleo la tano, la mwaka 2014, lilirudi nyuma hatua moja. Hotuba ya kiongozi ya dakika 10 huwapa watu wasiozidi 6 alama za muda, mradi wamwone au wamsikie, na wamwelewe. Alama hizo hutangulia kuliwa kabla ya uhai wenyewe. Hazirundikwi juu ya nyengine za aina yake. Wala hazimzindui aliyekwisha kuanguka kwenye sifuri. Neno limefanywa kinga, si tiba. Marekebisho ya mwaka 2024 yaliongeza wimbo na ngoma kando ya hotuba, lakini hukumu haikubadilika.

Kanuni hiyo ni nadhifu, wala haimchoshi mchezaji kwa hesabu. Kasoro yake ni kwamba muda umekuwa jina tu. Alama zisizotumika hutoweka baada ya mapumziko marefu bila ya mtu kuhisi kuwa ameondokewa na kitu. Nafuu ambayo kuondoka kwake hakuumi ni ziada, na ziada haimlazimishi mchezaji kuchagua.

Toleo la 2000 lilijua thamani ya muda, na la 2008 lilijua thamani ya neno. Mtunzi atakayeunganisha mawili hayo atapata kanuni iliyo bora zaidi: neno limsimamishe aliyeanguka, kwa akiba yake mwenyewe, kwa mizunguko michache tu, muda ukimalizika, aanguke tena, isipokuwa kama mwenzake amewahi kumfikia na kumfunga jeraha. Hapo maneno yatakuwa na nguvu bila ya kudai yasiyo yao. Yatanunua muda, na wachezaji wote mezani watajua ni mfupi kiasi gani, na ni nani anayepaswa kukimbia.