Ekseli ya Canter Inayogeuza Injini kwa Mkono Mmoja

Nimeizungusha! Mkono mmoja kwenye handeli, mguu mmoja kwenye pedeli, na injini nzima ya Canter, 4D33 ya silinda nne, imegeuka mbele ya macho yangu kutoka hedi juu hadi sampu juu, taratibu, kimya, kama mtu anayejigeuza kitandani. Katikati ya safari, injini ikiwa imelala ubavu, nikaachia pedeli makusudi. Ikaganda palepale. Nikarudia. Nikarudia tena. Mara ya tano mwenye gereji akacheka: "Mdogo wangu, waachie na wenzako."

Nipo Pangani. Siyo ile ya mtoni kule Tanga, bali kata ya Pangani ya Kibaha, huku unakoingia ukiiacha Barabara ya Morogoro pale TAMCO na kushika njia ya Vikawe. Mchanga, mikorosho, viwanja vipya vinavyopimwa kila wiki, na chini ya mwembe mmoja mkubwa, gereji yenye sakafu ya zege ambayo ndiyo kwanza ina wiki mbili. Zege hilo lilimwagwa kwa ajili ya kitu kimoja tu. Fundi aliniomba jina lake lisitoke, na nitaheshimu hilo, lakini kazi yake siwezi kuinyamazia.

Ni stendi ya injini. Stendi ya kuzungusha, yenye gia, na kila kipande chake cha maana kimetoka kwenye vyuma chakavu vya malori.

Aliyewahi kufungua injini ya lori kwenye gereji zetu anajua tunachokimbia. Injini inashushwa kwa cheni bloku, inalazwa juu ya tairi kuukuu, na hapo kazi inaanza kwa kuita watu. Kuigeuza wanakuja vijana watatu na mtaimbo. Mmoja anasukuma, mmoja anadaka, wa tatu anapiga kelele. Mchanga unaruka. Chembe moja ikiingia kwenye beringi za krenki iliyotoka kusagwa jana, pesa yote ya mwenye gari imekwenda. Nimeona kidole cha mtu kikibanwa namna hiyo, na sitaki kuona kingine.

Zipo stendi za dukani, zile za bomba ndani ya bomba, zenye pini na matundu. Kwa injini ya gari dogo zinafaa. Ila ukichomoa pini, uzito wote unabaki mikononi mwako, na injini huwa haina uzito sawa pande zote: ina upande unaotaka kwenda chini, na utakwenda chini, uwe tayari usiwe tayari. Hapo ndipo fundi wa Pangani alipoanza kufikiri. Akaangalia lundo la skrepa lililo nyuma ya gereji yake, akaona ekseli ya nyuma ya Canter iliyopata ajali.

Hebu tuitazame vizuri, maana uzuri wote umelala humo. Ekseli ya nyuma ya Canter ina tumbo la difu katikati, na ndani ya tumbo mna kraunwili na pinioni. Fundi alihesabu meno: 37 kwenye kraunwili, 6 kwenye pinioni. Maana yake, handeli ikifungwa kwenye pinioni, unazungusha mara sita na kidogo ndipo injini imalize mzunguko mmoja. Nguvu yako imezidishwa mara sita! Na angalia hesabu hiyo ya 37 na 6: hazina kigawo cha pamoja zaidi ya moja, kwa hiyo jino lilelile la pinioni halirudii kukutana na jino lilelile la kraunwili kila mzunguko. Linazunguka kuwasalimia wote. Ndiyo maana gia zile, baada ya miaka ya kubeba mchanga na saruji, zilikuwa zimelika sawasawa kila jino.

Alikata upande mmoja wa ekseli karibu na tumbo, akaufunga kwa bamba ili oili isimwagike. Upande wa pili akauacha mzima, na haf-shafti yake, na habu yake. Hapa ndipo niliposhika kichwa. Kwenye lori la namna hii habu haibebwi na shafti. Inakaa kwenye beringi zake mbili juu ya bomba la ekseli, na shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Kwa hiyo uzito wa injini hauigusi shafti wala gia. Unakaa juu ya beringi zilizotengenezwa kubeba nusu ya mzigo wa nyuma wa lori, kwenye mashimo ya barabara zetu, kwa kasi. Injini moja iliyotulia kwao ni mapumziko!

Bolti za tairi nazo hazikutupwa. Bamba nene la kushikia injini limetobolewa matundu yake, na tundu kubwa katikati kupisha kichwa cha shafti, na linafungwa kwa nati zilezile za tairi. Ukitaka kubadili aina ya injini unabadili bamba, kama unavyobadili tairi. Yapo matatu tayari yametundikwa kwenye mwembe.

Na ekseli imeshikwaje kwenye nguzo ya stendi? Kwa yubolti za springi! Kile kitako cha springi kilichochomelewa na kiwanda kwenye bomba la ekseli kimekaa juu ya nguzo hiyo ya chuma cha chesisi, yubolti zimepita, nati zimekazwa. Hakuna kuchomelea hapo hata kidogo. Pua ya difu inatazama kando, kama ilivyokuwa chini ya gari, kwa hiyo hata tundu la kupimia oili liko mahali pake. Bado anaijaza oili ya gia, na bado haivuji.

Sasa shida moja ambayo ingemshinda mtu mvivu. Difu ina vile vigia vidogo vya ndani vinavyoruhusu tairi moja kukimbia kuliko nyingine kwenye kona. Ukikata upande mmoja ukauacha hivyo, unazungusha handeli na habu haina habari. Vigia hivyo ni lazima vifungwe. Fundi alivichomelea pamoja, na alinisimulia kwa umakini wa daktari: alivipasha moto kwanza, akachomelea kidogo kidogo, kisha akavifukia kwenye jivu la mkaa vipoe usiku kucha, kwa sababu chuma cha gia ni kigumu na kikipoa haraka kinapasuka. Na waya wa ardhi aliufunga kwenye kipande kilekile alichokuwa anachomelea, kabla beringi hazijarudishwa, maana umeme wa kuchomelea ukipita ndani ya beringi unaichoma vidoadoa. Mambo haya mawili yaandikwe ukutani kwa kila anayetaka kumuiga.

Halafu breki. Ee bwana, breki!

Gia za difu hazijifungi zenyewe. Lori linaposhuka mlima, tairi ndizo zinazozungusha injini, na humu ni vilevile: injini iliyoning'inia inaweza kuirudisha handeli nyuma ikupige mkono. Fundi alilijua hilo kabla ya kukata chuma. Kwenye Canter, hendibreki haiko kwenye tairi. Iko nyuma ya giaboksi, drami inayoshika propela. Akaichukua nzima, viatu vyake na waya wake, akaifunga kwenye flenji ya pinioni. Hapo breki inapambana na sehemu moja ya sita tu ya nguvu ya injini. Kisha akageuza utaratibu wake: springi mbili nene zilizotoka kwenye kiti cha dereva zinaibana breki muda wote, na pedeli ya klachi inaiachia. Ukikanyaga, inazunguka. Ukiondoa mguu, imefunga. Mwendesha semi ataitambua akili hiyo mara moja, kwani breki za upepo za kuegeshea zina tabia hiyohiyo: springi inafunga, upepo unafungua, upepo ukiisha gari linasimama. Juu ya hayo kuna pini ya chuma ya kupitisha kwenye flenji mtu anapokwenda kula.

Nilifanya hesabu palepale kwenye boksi la spea, kwa chaki. Tuchukue injini ya kilo 350, na uzito wake umekaa sentimita 5 nje ya mhimili. Hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 17 na nusu kwenye ncha ya fimbo ya mita moja. Gawanya kwa 6 na kidogo, unabaki na chini ya kilo 3. Handeli yake ina urefu wa sentimita 35, kwa hiyo mkono wako unadaiwa kama kilo 8, na msuguano kidogo juu yake. Ndoo ndogo ya maji. Binti anayejifunza ufundi pale gerejini aliizungusha huku akizungumza na mteja.

Na ladha yenyewe iko kwenye kazi. Kuvalisha pistoni kunahitaji mikono pande mbili za bloku: juu unasukuma pistoni, chini unapokea fimbo yake na kukaza kofia kwenye krenki. Kwenye tairi kuukuu hiyo ni sarakasi. Hapa unazungusha robo, bloku inalala ubavu, kila kitu kiko usawa wa kiuno, na mtu mmoja anafika pande zote. Nilimwona akivalisha pistoni zote nne bila kuinama hata mara moja. Bila kumwita mtu!

Kibaha na malori wanajuana siku nyingi. Pale TAMCO ndipo zilipokuwa zikiunganishwa Scania, na baadaye matrekta ya URSUS kutoka Poland, chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa. Mji huuhuu una Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilichoanzishwa mwaka 1985, kilichothubutu kuunda lori la Kitanzania. Barabara ya Morogoro inapitisha mchana na usiku mizigo ya kwenda Zambia na Kongo. Vyuma vimejaa hapa, na macho ya kuvisoma yamejaa pia. Stendi hii ni mtoto halali wa mji huu.

Kasoro? Zipo, na nitazisema kwa sababu naipenda. Ni nzito mno. Magurudumu yake madogo hayawezi mchanga, ndiyo maana zege likamwagwa. Miguu ya mbele ingeongezwa sentimita 20 hivi. Kwa Canter inatosha kabisa, lakini akifunga injini ya silinda sita ya Fuso, yenye karibu nusu tani na urefu wake, ningependa kuiona miguu hiyo imefika chini ya ncha ya injini. Ukifunga injini kwa upande wa flaiwili, huwezi kubadili sili ya nyuma ya krenki mpaka uishushe. Fundi analijua hilo. Bamba la tatu kwenye mwembe lina mikono miwili mirefu ya kushika injini kwenye mbavu zake, na limetengenezwa kwa ajili ya sili hiyo. Pedeli nayo ingepata kinga juu yake, isije ikaangukiwa na spana.

Jambo moja sikubaliani na yeyote atakayelipuuza: cheni bloku isiondolewe hadi bolti zote za bamba zikazwe, na bolti hizo ziwe zile ngumu zenye alama 8.8 au 10.9 kichwani. Bolti laini za mlango wa geti zibaki kwenye geti.

Hukumu yangu ya siku ya kwanza: hii ndiyo stendi bora ya injini niliyowahi kuigusa, ya dukani na ya kuundwa. Ingeuzwa, ningeinunua jioni hii hii. Haiuzwi. Fundi amesema mwenye kutaka aje na ekseli yake, amwonyeshe pa kukata.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipita kwa wauza skrepa ukakuta ekseli ya nyuma ya Canter iko kwenye mizani inasubiri kukatwa kwa gesi, zungusha pinioni kwa mkono. Ikizunguka laini, wasimamishe, uinunue kwa bei ya kilo, na uipakie nzima.