Kidole Kinachozima Uzi

Kuanzia Nkende, pembeni mwa mji wa Tarime, hadi vijiji vya Serengeti, nchini Tanzania, mtu akitaja ritungu ametaja ala na muziki wake kwa pamoja. Ni ala ya Wakurya yenye nyuzi nane, ndugu wa obokano ya Wagusii na nyatiti ya Wajaluo, na sauti yake ni nzito, yenye mkwaruzo wa koo la mzee.

Fundi huanza kwa kupunguza. Anachukua gogo, analichimba ndani mpaka libaki bakuli. Akiacha ukuta mnene, sauti inadumaa. Akiuparura mno, mti unapasuka. Ngozi ya ng'ombe huwambwa ikiwa mbichi ili ikauke na kujikaza yenyewe. Ndipo hufuata mikono miwili, mti wa kukingama juu, na nyuzi: zamani mishipa ya mnyama, sasa mara nyingi nailoni ya kuvulia samaki. Faida ya kuchimba hivyo, mwanafalsafa Laozi wa China alikwisha kuiona kwenye chungu: udongo ndio unaofinyangwa, lakini kinachotumika ni ule uwazi wa ndani.

Mpigaji naye ana uwazi wake wa kuchimba. Uzi mnene ukishapigwa hauna adabu. Unaendelea kuvuma na kuingilia zamu ya mwenzake. Kwa hiyo vidole vina kazi mbili, kuuamsha uzi na kurudi kuuzima. Anayejifunza huipata ile ya kwanza mapema. Ya pili huchukua muda, kwa sababu msikilizaji haioni; anachosikia ni kwamba kila mlio umesimama peke yake na mdundo hauna matope.

Kimya cha namna hiyo kimewahi kufanywa kazi nzima. Tarehe 29 Agosti 1952, huko Woodstock, Marekani, mpiga piano David Tudor aliketi mbele ya piano bila kupiga noti hata moja kwa dakika 4 na sekunde 33, muda wote wa kazi ya mtunzi John Cage. Cage aliwapa wasikilizaji kimya kizima kwa mkupuo. Mpigaji wa ritungu hukigawa vipande vidogo na kukipanga kati ya milio. Watawa Wabenediktini, ambao nchini Tanzania wanajulikana kwa abasia kama Peramiho na Ndanda, wana sura nzima juu ya kimya katika kanuni yao, nao hukifanyia mazoezi kila siku. Kote huko kimya kina mtu anayekifanya.

Mwimbaji wa ritungu, ambaye mara nyingi ndiye mpigaji, hulijua hilo hata kwa mdomo wake. Anasifu ukoo, anakumbusha tukio, kisha anaacha maneno na kuziachia nyuzi nafasi. Wazee hutumia nafasi hiyo kupima alichosema. Mwimbaji asiyewapa nafasi hiyo anaweza kuwa na sauti nzuri na historia ndefu, lakini bado hajawaachia wasikilizaji kazi yao.