Mkono Usio na Pupa

Daktari wa mifugo anayeijua kazi yake haanzii kinywani. Humwacha mbwa amnuse kiganja, akampapasa nyuma ya masikio, ndipo akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba, taratibu, kuanzia pembeni. Chunjua zinaonekana: vinyama vyeupe vyenye vinundu vinundu kama koliflawa, vimeota kwenye midomo, ufizi na ulimi.

Mwenye mbwa anataka zikatwe leo hii. Daktari anauliza umri. Mbwa wa chini ya miaka 2 mwenye vinyama vya aina hii kwa kawaida ameambukizwa virusi vya papiloma na mbwa mwenzake, kwa kulambana au kuchangia bakuli, wiki kadhaa kabla ya chochote kuonekana. Mara nyingi kinga ya mwili huzishinda, zikanyauka na kudondoka zenyewe ndani ya miezi michache. Basi anaagiza mbwa atengwe na wenzake, awe na bakuli lake, na arudishwe kuangaliwa. Watoto wa nyumbani wasiogope. Virusi hivi haviwapati watu.

Zikizuia kumeza, au zikivuja damu na kuoza, hapo mkono hufanya kazi. Mbwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, chunjua ikakatwa, au ikagandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Weupe wa barafu hutambaa hadi shinani na ukingo mwembamba tu wa nyama nzima. Daktari huondoa mkono, akaacha iyeyuke, kisha akarudia. Kipimo hicho cha macho ndicho ninachokistahi kuliko vyote.

Kwa mbwa mzee habari ni nyingine. Kinundu kinachofanana na chunjua huweza kuwa uvimbe wa tezi za mafuta, au saratani. Hakikamuliwi, maana uvimbe wa aina fulani ukibinywa humwaga histamini mwilini. Daktari huchoma sindano nyembamba, akavuta seli chache na kuzitazama kwa hadubini kabla ya kutaja jina lolote.

Pia huuliza, kwa sauti ya upole, nyumbani amepakwa nini. Dawa za chunjua za watu, zenye asidi ya salisiliki, huunguza ngozi ya mbwa, naye huzilamba zikamdhuru tumbo. Mwenye mbwa akikaripiwa ataficha chupa, na daktari anaihitaji mezani.