"Mdunguaji": Istilahi Inayotangulia Amri

Magazetini na redioni, neno mdunguaji limekwisha kukaa mahali pa askari anayejificha na kulenga kutoka mbali. Ni neno jepesi, nasi hatulichukii. Lakini lifaalo katika habari si lazima lifae katika kitabu cha mafunzo.

Kudungua ni kuangusha kilicho juu: tunda mtini, ndege angani. Na tulipeleke neno hili Ufipa. Uwanda ule wa juu una majani mengi na miti michache, na Sumbawanga imekaa kwenye kimo cha mita 1,800 hivi. (Jina la mji lenyewe ni amri: tupa uchawi.) Askari atakayejifunza kazi hii huko hatakuwa na cha kuangusha kutoka juu. Atalala kifudifudi majanini, atatambaa, atangoja kwa saa nyingi, huku mwenzake akisoma upepo na kukadiria umbali. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo risasi haipungui mwendo upesi. Bunduki iliyorekebishwa Dar es Salaam, ikilengwa mbali, itapiga juu ya shabaha. Kazi kubwa, basi, ni kuvizia, kutazama na kupima. Kufyatua ni tendo la mwisho, na aghalabu halifikiwi. Istilahi yetu imetaja tendo hilo peke yake.

Kwa polisi jambo hili si la ufasaha tu. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zaruhusu kuua kwa makusudi pale tu isipoepukika kabisa ili kulinda maisha. Mfasiri anayeandika "wadunguaji wawekwe juu ya paa" amekwisha kuangusha watu, na huenda waraka wa asili ulitaka watazame na kutoa taarifa.

Wafaransa wana majina mawili: moja la mlengaji hodari, la pili la mlengaji aliyejificha. Waingereza walipata lao katika karne ya 18 huko India, kwa kuwinda ndege mdogo wa vinamasi aliye mgumu kupigwa.

Twapendekeza mlenga shabaha kwa polisi, ingawa lina harufu ya mashindano. Kwa jeshi, mlengaji mviziaji. Polisi wasipewe hilo, maana kuvizia masikioni mwa raia ni kazi ya wanyang'anyi. Mdunguaji tumwachie mwandishi wa habari, risasi ikisha kupigwa.