Mjomba Yuko Wapi Kwenye Picha Hii?

Picha ya magofu ya Kilwa Kisiwani wakati wa machweo umeshaiona, hata kama hukumbuki wapi: kwenye kalenda, kwenye bango, kwenye ukuta wa hoteli. Gereza limesimama jeusi, anga nyuma yake limeiva kama embe dodo, bahari imetulia. Hakuna mtu. Nilipoazima kamera mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili, picha ya namna hiyo ndiyo niliyotaka kuipiga nyumbani, Geita.

Ngome sikuwa nayo. Nilichopata ni banda la karasha lililoachwa nje ya mji: kuta tatu za matofali na, pembeni, duara lililofukiwa nusu. Mjomba alifanya kazi pale miaka mingi, nikamwomba asimame mlangoni. Jua lilikuwa linagusa kilima. Nikapimia mwanga kwenye anga, nikabonyeza, nikamwonyesha kwa furaha.

"Jua limetoka vizuri," alisema. "Sasa mjomba, mimi niko wapi hapo?"

Alikuwa sehemu ya ukuta.

Ufundi una maelezo yake. Kamera hushindwa kubeba kwa mkupuo mmoja mwanga wa anga la machweo na giza la kitu kilicholipa jua mgongo. Ukipimia anga, uso unazama; ukipimia uso, anga linakuwa jeupe kama karatasi. Wapiga picha za magofu wana dawa yao: kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, picha moja ya anga, moja ya kati, moja ya vivuli, kisha programu inaziunganisha. Dawa hiyo inafanya kazi kwa sababu jiwe halipepesi macho. Mtu akijikuna tu, anatoka na mikono minne.

Tangu nilipolielewa hilo, zile picha za Kilwa sizitazami kama zamani. Kisiwani kuna kijiji. Watu wanaishi kando ya magofu hayo, lakini namna ya kupiga inawataka wapishe. Na Kilwa iliyojenga Husuni Kubwa katika karne ya 14 ilitajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala, iliyochimbwa na watu wa bara ambao hatujui jina la hata mmoja wao. Tunapiga picha ya nyumba ya tajiri, tena jua likiwa nyuma yake.

Sebastião Salgado hakuhitaji machweo. Mwaka 1986 huko Serra Pelada, Brazili, alipiga wanaume wengi mno wakipanda ngazi na mifuko ya udongo, na misuli yao inaonekana hata ndani ya matope. Nazipenda picha zile. Hata hivyo mwaka 2003 Susan Sontag alimlaumu, akizungumzia picha zake nyingine, za watu wanaohama, kwamba maelezo yake hayataji majina ya waliopigwa. Naona lawama hiyo inafika mpaka Serra Pelada. Inafika na kwangu pia: faili la ile picha nililiita "Gofu la karasha, jioni".

Umbo jeusi lina utetezi mmoja nisioweza kuupuuza. Anayechimba bila leseni ana sababu nzuri ya kutotaka uso wake uonekane, na giza linamsitiri. Ila sitara hiyo aiombe mwenyewe. Isiwe zawadi ya mpiga picha anayependa rangi ya chungwa.

Tulirudi kesho yake. Safari hii nilisubiri jua lizame kabisa, anga na uso vikaribiane kwa mwanga. Kijana mmoja jirani alinishikia kiroba cheupe kilichopasuliwa, kikarudisha mwanga uliobaki kwenye mashavu ya mjomba. Anga likatoka limepauka. Ukuta mmoja umekatika pembeni, na kwenye kalenda picha hii haingii. Lakini macho yapo, na lile kovu la kwenye nyusi lipo.

Mjomba aliitazama muda mrefu. Akaniambia nimtumie WhatsApp, ila kwanza nilikate lile gofu, linajaza nafasi bure.